Redio za sayari za mbali: sumaku, miezi, na swali la "nani anatuita?"

Aprili 2023 habari moja ilizunguka dunia nzima: watafiti wamenasa mawimbi ya redio yanayojirudia kutoka kwenye nyota iitwayo YZ Ceti, miaka 12 ya nuru kutoka hapa, na huenda yanasababishwa na sayari yenye ukubwa wa kukaribiana na Dunia. Habari ilivyozidi kupita kwa watu, maneno yakabadilika. Mawimbi yakawa ishara, ishara ikawa ujumbe, na ujumbe haukosi mwenyewe. Watu wakauliza: nani anatuita?

Hakuna anayetuita. Mawimbi yale hayana mtangazaji. Yanazaliwa na sumaku na umeme, vitu viwili vilivyokuwepo kabla ya kiumbe chochote kuwepo. Hata radi hutoa mawimbi ya redio, ndiyo maana redio hukwaruza mvua ikikaribia, na hakuna anayedai kwamba wingu linatuma salamu. Kinachonisikitisha ni kwamba hadithi ya viumbe inaifunika habari yenyewe, nayo ni habari nzito: binadamu ameanza kujaribu kupima sumaku za sayari ambazo hatafika kamwe, na njia hiyohiyo siku moja inaweza kumwonyesha hata miezi inayozizunguka.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Sayari za mbali ninazozungumzia ni zile zinazozunguka nyota nyingine, nje ya mfumo wetu wa Jua. Ya kwanza kupatikana ikizunguka nyota inayofanana na Jua ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi. Septemba 2025 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza kuwa orodha imevuka 6,000. Mwezi, katika makala haya, ni gimba lolote linaloizunguka sayari: Dunia ina mmoja, Mshtarii (Jupita) ina zaidi ya 90. Uga wa sumaku ni eneo lote ambamo nguvu ya sumaku inafika. Hauonekani kwa macho, lakini ndio unaogeuza mshale wa dira uelekee kaskazini. Na mwaka wa nuru, pamoja na jina lake, ni kipimo cha umbali: kiasi cha kilomita trilioni 9.5.

Limebaki moja, mawimbi ya redio, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Mawimbi ya redio si sauti. Ni jamii moja na nuru tunayoiona, yanakwenda kwa kasi ileile ya kilomita 300,000 kwa sekunde, ila kila wimbi ni refu zaidi. Sauti inahitaji hewa au maji au kitu kingine cha kupitia. Kati ya sayari moja na nyingine hakuna hewa, kwa hiyo hakuna sauti ya huko inayoweza kutufikia. Zile video zinazokusikilizisha "sauti ya Mshtarii" zimechukua mawimbi ya redio na kuyageuza kuwa sauti, kazi ambayo redio yako huifanya kila siku na mawimbi ya kituo cha FM. Si uongo, lakini ukifika Mshtarii usitarajie kuisikia kwa masikio.

Kelele iliyofuata saa za nyota

Mambo haya yalianza nyumbani, ndani ya mfumo wetu wa Jua, na yalianza kama usumbufu. Mapema mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin wa Taasisi ya Carnegie ya Washington walikuwa na antena nyingi za waya zilizotandazwa shambani karibu na Seneca, jimbo la Maryland. Walisikiliza masafa ya megahezi 22.2, yaani mawimbi milioni 22.2 kwa sekunde, jirani kabisa na bendi za SW (mawimbi mafupi) ambazo wazee wetu walizitegemea kusikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka ng'ambo. Walikuwa wakichunguza anga, na shabaha yao ya kupimia antena ilikuwa Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka. Kwenye karatasi za kumbukumbu, pembeni ya alama za nebula, kulikuwa na mikwaruzo. Waliidhania kuwa ni usumbufu wa kawaida, labda gari la mtu wa shamba linapowashwa.

Lakini gari halifuati saa za nyota. Nyota huchomoza mapema kwa dakika 4 hivi kila siku inayopita, na mikwaruzo ile ilikuwa ikisogea mapema kwa mwendo huohuo. Chanzo chake, basi, kilikuwa juu angani. Tena wiki zilivyopita kilionekana kuhama polepole kati ya nyota, na vitu vinavyohama kati ya nyota ni sayari. Walipotazama nini kilikuwa upande ule, wakaikuta Mshtarii. Walitangaza Aprili 1955. Kule Australia, mtafiti Alex Shain alifungua kumbukumbu zake za mwaka 1950 na 1951 na kuikuta kelele ileile, imeandikwa wazi, imekaa miaka yote hiyo kwenye fungu la usumbufu.

Mwaka 1964 likaja jambo la ajabu zaidi. Keith Bigg, naye wa Australia, alilinganisha nyakati ambazo redio ya Mshtarii hulipuka na mahali ilipokuwa miezi yake nyakati hizo. Mmoja, Io, ulikuwa na mkono wake mle ndani. Io ukifika sehemu fulani za njia yake, redio inalipuka kwa nguvu. Ukiwa kwingine, mara nyingi kunakuwa kimya. Io ni mkubwa kidogo tu kuliko Mwezi wetu na uko kilomita 422,000 kutoka katikati ya Mshtarii. Unawezaje kuwasha na kuzima redio ya sayari kubwa kuliko zote tunazozijua jirani zetu?

Dinamo

Aliyewahi kuendesha baiskeli usiku ameshashika nusu ya jibu. Ndani ya dinamo ya baiskeli mna sumaku na waya. Gurudumu likizungusha, sumaku inapita mbele ya waya, na waya unapata umeme wa kuwasha taa. Hakuna betri. Kinachotakiwa ni sumaku, kitu kinachopitisha umeme, na kimoja kiwe kinampita mwenzake. Ukikanyaga kwa nguvu taa inang'aa, ukisimama inazimika.

Kwa Mshtarii na Io, sumaku ni Mshtarii. Inajizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10, na uga wake wa sumaku unazunguka pamoja nayo. Io unakwenda taratibu zaidi, mzunguko mmoja kwa saa 42 na nusu. Kwa hiyo uga wa Mshtarii unaupita Io muda wote, kwa kasi ya kama kilomita 57 kwa sekunde. Na Io una cha kupitisha umeme, kwa sababu una volkeno hai nyingi kuliko gimba lolote jingine la mfumo wetu. Kiasi cha tani moja ya salfa na oksijeni huutoroka mwezi huo kila sekunde na kutanda kuizunguka Mshtarii ikiwa gesi yenye chaji ya umeme. Volkeno hizo zilionwa mara ya kwanza mwaka 1979, chombo cha Voyager 1 kilipopita. Peter Goldreich na Donald Lynden-Bell walikuwa wameshaieleza dinamo ya Io mwaka 1969, miaka 10 kabla ya mtu yeyote kujua kuwa kuna volkeno kule. Makadirio yanaweka umeme unaozalishwa kwenye volti 400,000 na mkondo wa ampea milioni 3.

Umeme huo unateremka kufuata mistari ya uga wa sumaku hadi karibu na ncha za Mshtarii. Wanaoubeba ni elektroni, chembe ndogo kuliko atomu, na elektroni ikiwa ndani ya uga wa sumaku haiendi moja kwa moja: inajizungusha huku ikisonga mbele. Nyingi zikijizungusha kwa mpangilio mmoja, zinatoa mawimbi ya redio yenye nguvu kubwa. Ile mianga ya rangi inayoonekana usiku kwenye anga la Norway au Kanada ina asili hiyohiyo. Elektroni zikigonga hewa, tunaona rangi. Zikiwa bado juu, zinatoa redio.

Io hauko peke yake. Ganimede, mwezi mkubwa kuliko yote ya Mshtarii, nao huamsha redio, na chombo cha Juno, ambacho kimekuwa kikiizunguka Mshtarii tangu Julai 2016, kimewahi kupita ndani kabisa ya eneo ambamo redio hiyo huzaliwa. Kwa hiyo hapa hatukisii. Tumefika, tumepima.

Masafa yanataja nguvu ya sumaku

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Elektroni haijizungushi kwa kasi yoyote itakayo. Nguvu ya sumaku ndiyo inayoamua, na hesabu yake inafanyika kwa kalamu na karatasi. Gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Sisi tulio juu ya uso wa Dunia tunaishi ndani ya kiasi cha nusu gausi. Kwa kila gausi 1, elektroni hujizungusha mara milioni 2.8 kwa sekunde, na redio inatoka kwenye masafa ya megahezi 2.8. Gausi 2 ni megahezi 5.6, gausi 10 ni megahezi 28, na kuendelea hivyo.

Sasa redio hii ya Mshtarii hukatika inapofika karibu megahezi 40. Gawanya 40 kwa 2.8, unapata kama gausi 14. Pioneer 10, chombo cha kwanza kuifikia Mshtarii, kilifika Desemba 1973. Kabla ya hapo watu walikuwa wameshajua kwamba ile ni sumaku kubwa, na walijua kwa kutumia antena za waya zilizosimikwa shambani. Redio hiyohiyo ndiyo iliyotupa urefu wa siku ya Mshtarii, saa 9 na dakika 55 na sekunde 30 hivi. Mawingu hayawezi kukuambia hivyo, kwa sababu kila mkanda wa mawingu unakwenda kwa kasi yake. Uga wa sumaku unatoka tumboni mwa sayari, kwa hiyo ukiufuata unafuata mwendo wa tumbo.

Dunia nayo inatoa redio ya namna hii. Sumaku yetu ni dhaifu, hivyo masafa yake ni ya chini, mengi chini ya megahezi 1. Hatuyasikii tukiwa huku chini kwa sababu juu yetu kuna ayonosfia, tabaka la hewa ya juu lenye chaji ya umeme, ambalo kwa kawaida hufunga njia kwa karibu kila kitu kilicho chini ya megahezi 10. Tabaka hilo ndilo lililokuwa likiyarudisha ardhini mawimbi ya SW hadi yakavuka bahari. Yanayotoka Duniani yanazuiwa kushuka, na yanayotoka angani kwa masafa hayo yanazuiwa kuingia. Kumbukeni kizuizi hiki, kwa sababu kinawasumbua watafiti hadi leo.

Kutoka Mshtarii hadi kwenye nyota nyingine

Njia mbili zilizotupatia sayari nyingi za mbali ni kuangalia nyota ikififia kidogo sayari inapopita mbele yake, na kuangalia nyota ikiyumba kwa kuvutwa na sayari. Zote mbili zinaitazama nyota. Ya kwanza inakupa ukubwa wa sayari, ya pili uzito wake. Hakuna hata moja inayokuambia kama kuna sumaku ndani. Redio ingeweza kukuambia, tena kwa kipimo, na hata sayari ambayo haipiti mbele ya nyota yake tukiitazama kutoka hapa bado ingekuwa na nafasi ya kugunduliwa.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Kwa nuru ya kawaida, Jua linaizidi Mshtarii karibu mara bilioni moja, na anayejaribu kuiona sayari kando ya nyota anapambana na tofauti hiyo. Kwenye masafa ya chini ya redio mambo yanageuka: Mshtarii ikilipuka inaweza kulifikia Jua lililotulia, au hata kulizidi. Ile tofauti ya mara bilioni imefutika.

Umbali ndio unaotuonea. Nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko miaka 4.2 ya nuru kutoka hapa. Ukiichukua Mshtarii ilivyo ukaiweka pale, redio yake ingetufikia ikiwa imepungua kama mara bilioni 4 kuliko tunavyoipata leo ikiwa karibu nasi. Darubini za redio tulizonazo haziwezi kuisikia. Kwa hiyo watafiti hawatafuti Mshtarii wa kawaida. Wanatafuta sayari kubwa zilizo karibu mno na nyota zao, zinazomaliza mwaka mzima kwa siku tatu au nne. Kutoka kila nyota hutoka upepo wa chembe zenye chaji, na sayari iliyo karibu hivyo inaupokea ukiwa mzito na mkali. Ndani ya mfumo wetu, sayari inayopigwa zaidi na upepo huo hutoa redio kubwa zaidi. Kama kanuni hiyo inashika na huko, sayari hizo zingetoa redio maelfu ya mara kuliko Mshtarii.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo vichwa vya habari huyachanganya kila mara. Yapo mawimbi yanayotoka kwenye sayari yenyewe, kwenye ncha zake. Na yapo mawimbi yanayotoka kwenye nyota, lakini yamechochewa na sayari. Katika hali hii ya pili nyota inachukua nafasi ya Mshtarii, na sayari inachukua nafasi ya Io. Habari ya YZ Ceti ilikuwa ya aina hii ya pili. Sebastian Pineda na Jackie Villadsen walitumia darubini ya redio ya VLA, New Mexico, Marekani, wakanasa milipuko kutoka kwenye nyota. Miwili kati yake ilitokea wakati sayari YZ Ceti b, inayoizunguka nyota hiyo kwa siku 2, ilipokuwa karibu na sehemu ileile ya njia yake. Ndipo wakashuku kuwa sayari ndiyo inayokanyaga dinamo. Kwa hiyo hata ukisema "mawimbi kutoka sayari" utakuwa umekosea kidogo, kwa sababu yametoka kwenye nyota.

Mpaka sasa tumepata nini?

Nitasema bila kuzunguka: hakuna sayari ya mbali ambayo redio yake yenyewe imenaswa na kuthibitishwa bila shaka. Kuna dalili nzuri, na kuna watu makini wanaozifuatilia.

Mwaka 2020 Harish Vedantham na wenzake, wakitumia darubini ya LOFAR ambayo kitovu chake kiko Uholanzi, walitangaza mawimbi kutoka nyota GJ 1151, miaka 26 ya nuru. Nyota hiyo ni ndogo, nyekundu, tulivu, na inajizungusha polepole, kwa hiyo haikutarajiwa kupiga kelele peke yake. Maelezo yaliyolingana ni sayari yenye ukubwa kama wa Dunia inayoizunguka kwa siku 1 hadi 5. Wengine wakaenda kuitafuta sayari hiyo kwa njia ya kuyumba kwa nyota. Kundi moja likasema limeiona, jingine likapima upya likasema haipo. Hadi leo sayari hiyo ya karibu haijathibitishwa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Jake Turner wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake wakaeleza dalili kutoka mfumo wa Tau Boötis, miaka 51 ya nuru, ambako sayari kubwa huizunguka nyota yake kwa siku 3.3. Dalili ilikuwa kwenye megahezi 14 hadi 21, masafa ambayo Mshtarii nayo huyatumia. Kama ni kweli, ingekuwa ya kwanza kutoka kwenye sayari yenyewe. Uchunguzi wa kurudia haukuipata tena. Inawezekana ilikuwa kelele ya vifaa, na inawezekana sayari ilikuwa imenyamaza. Redio ya namna hii hutoka ikielekea pande chache tu, na ukiwa nje ya uelekeo wake husikii kitu. Wenye utafiti wenyewe walisisitiza tangu mwanzo kuwa uthibitisho unahitajika. Sifa zao ziko hapo.

Uhakika mkubwa tunao kwenye vitu vilivyo kati ya sayari na nyota. Gimba linaloitwa SIMP J01365663+0933473, miaka 20 ya nuru, lina uzito wa kama Mshtarii 12.7, karibu kabisa na mpaka ambapo wanaanga huacha kuliita sayari. Halizunguki nyota yoyote. Mwaka 2018 Melodie Kao na wenzake walipima kwa redio uga wake wa sumaku wakaukuta una nguvu zaidi ya mara 200 kuliko wa Mshtarii. Na mwaka 2020 LOFAR ilipata kibete kahawia, gimba dogo mno kuwaka kama nyota, ambacho hakikuwa kimejulikana kabla kwa njia nyingine yoyote. Darubini za Hawaii zikaenda kukithibitisha baadaye. Watafiti walikipa jina la utani Elegast. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi bora kwamba njia inafanya kazi: redio imetangulia, nuru imefuata.

Na miezi?

Miezi ya sayari za mbali imekuwa ikitafutwa kwa hamu, na hakuna hata mmoja uliothibitishwa. Uliotajwa zaidi ni ule unaodhaniwa kuizunguka sayari Kepler-1625b, uliopendekezwa mwaka 2018 na Alex Teachey na David Kipping, ukikadiriwa kuwa na ukubwa wa Neptuni. Wengine waliochambua takwimu zilezile hawakuuona. Ugumu unaeleweka. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua hupunguza nuru kwa asilimia 1 tu. Mwezi wake ungepunguza sehemu ndogo mno ya hiyo asilimia 1.

Mwaka 2014 Joaquin Noyola, Suman Satyal na Zdzislaw Musielak wa Chuo Kikuu cha Texas kule Arlington walipendekeza kuugeuza ugunduzi wa Bigg kuwa chombo cha kutafutia. Kama Io hujulikana kwa redio ya Mshtarii inayolipuka kwa kufuata saa za Io, basi sayari ya mbali yenye redio inayopanda na kushuka kwa saa ambazo si za kujizungusha kwake, wala si za kuizunguka nyota yake, huenda ina mwezi. Saa hizo zingekuwa saa za mwezi. Walitaja sayari mbili za karibu zinazofaa kujaribiwa, Epsilon Eridani b na Gliese 876 b, zote ndani ya miaka 16 ya nuru.

Masharti yapo. Sayari iwe na sumaku, na mwezi uwe na kitu cha kupitisha umeme: volkeno za namna ya Io, au hewa nzito kama ya Titani, mwezi wa Zohali. Mwezi mkavu kama wetu usingeamsha kitu cha kusikika. Kwa hiyo redio ikikaa kimya huwezi kusema hakuna mwezi. Unaweza kusema tu kwamba hakuna dinamo iliyo kali kiasi cha kutufikia.

Sumaku si cheti cha uhai

Kosa jingine linalosambaa ni kwamba sayari yenye sumaku ina uhai, au isiyo na sumaku imekufa. Hoja yake ina msingi: uga wa sumaku huikinga sayari na upepo wa nyota, na Mirihi, iliyopoteza uga wake mkuu mabilioni ya miaka iliyopita, ina hewa nyembamba sana. Lakini itazameni Zuhura. Haina uga wa sumaku wake wa maana, na bado hewa yake inakandamiza mara 90 kuliko yetu. Wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani sumaku hulinda hewa. Tukipata redio ya sayari ya mbali tutajua nguvu ya sumaku yake, na pengine urefu wa siku yake. Kutoka hapo hadi kwenye uhai bado ni mbali.

Darubini zinazokuja zitasaidia, ingawa si zote kwa usawa. Mradi wa SKA, wa kimataifa wa darubini za redio, unajenga antena 131,072 Australia Magharibi, za megahezi 50 hadi 350, na madishi 197 Afrika Kusini kwenye eneo kame la Karoo, kwa masafa ya juu zaidi. Kenya ni mojawapo ya nchi 8 za Afrika zilizo washirika wa Afrika Kusini katika kazi hii. Lakini angalieni namba: Mshtarii hukomea megahezi 40, na antena za Australia zinaanza 50. Pacha wa Mshtarii asingesikika huko. Inatakiwa sayari yenye sumaku kali zaidi. Madishi ya Karoo yatafaa kwa nyota zinazochochewa na sayari, kama YZ Ceti. Masafa ya chini yanabaki kwa LOFAR na kwa NenuFAR ya Ufaransa, inayoanza megahezi 10. Chini ya hapo ayonosfia imefunga mlango. Sayari yenye sumaku dhaifu kama ya Dunia haiwezi kusikilizwa kutoka Duniani hata antena ziwe nyingi kiasi gani.

Ndiyo maana watu wanautazama upande wa nyuma wa Mwezi wetu. Hapo hakuna ayonosfia ya kusumbua kama ya hapa, na Mwezi mzima unasimama kati yako na vituo vya FM, simu na radi za Dunia. Satelaiti ya Marekani iliyopelekwa kuuzunguka Mwezi mwaka 1973, Explorer 49, ilionyesha kelele za Dunia zikizimika kila ilipopita nyuma. Januari 2019 China ilitua upande huo kwa mara ya kwanza, kwa chombo chake Chang'e 4. Mipango ya kutandaza antena huko ipo mezani, na mimi ni mmoja wa wanaoamini fedha hizo zitakuwa zimetumika vizuri.

Wakati tunasubiri, redio ya Mshtarii iko wazi kwa yeyote. NASA ina mradi uitwao Radio JOVE, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao huwasaidia wanafunzi na watu wa kawaida kujenga kipokezi cha masafa ya karibu megahezi 20. Antena yake ni nyaya mbili, kila moja yenye urefu wa kama mita 7, zilizoinuliwa juu ya nguzo mahali palipo mbali na nyaya za umeme. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati, kwani Mshtarii hupita juu sana angani kwetu. Ubaya ni radi za ukanda wetu, hasa zile za Bonde la Kongo, ambazo hukwaruza masafa hayohayo hata zikiwa mbali. Saa nzuri ni kati ya usiku wa manane na alfajiri, ayonosfia ikiwa imepungua nguvu na Mshtarii ikiwa juu. Jedwali za utabiri wa mahali Io utakapokuwa hupatikana bure, na bila kuziangalia unaweza kukesha usiku mzima usipate hata mkwaruzo mmoja.